Kumalizia uso wa kauri ya meno: hatua kwa hatua hadi taji lifanane na jino

"Nimepewa rangi A2, kauri niliyotumia ni A2, mbona taji likiwa mdomoni linaonekana jeupe kuliko jino la pembeni?" Swali hili halikauki. (A2 ni alama ya rangi kwenye kipimo cha rangi za meno; taji ni kifuniko kinachovishwa juu ya jino.) Likijibiwa hufuata la pili: nipake glezi (tabaka jembamba la kioo linalochomwa juu ya kauri) au ning'arishe kwa mpira? La tatu hutoka kwa daktari: nimesaga kidogo tu ili mgonjwa aume vizuri, sasa pale niliposaga pana doa lisilong'aa, nifanyeje?

Maswali yote matatu yanahusu kitu kimoja, nacho ni uso wa kauri. Mwongozo huu nimeuandikia fundi wa maabara ya meno anayeanza, pamoja na daktari wa meno anayetaka kujua la kufanya taji likishafika mkononi mwake. Msimamo wangu nautaja mapema: rangi ya taji haihukumiwi kabla uso haujafikia mng'aro wake wa mwisho, na glezi haifanyi kazi ambayo mkono haukuifanya.

KWA NINI USO HUBADILISHA RANGI

Chukua kokoto mbili za rangi moja, moja kavu na nyingine iliyotoka majini sasa hivi. Kavu huonekana imepauka. Iliyolowa ina rangi iliyokolea, na ni kama unaona hadi ndani yake. Maji hayakuongeza rangi yoyote. Yamejaza vishimo vya juu, mwanga ukaacha kutawanyika. Kauri nayo ina tabia hiyohiyo. Uso wenye mikwaruzo hutawanya mwanga kabla haujaingia ndani, kwa hiyo taji huonekana jeupe, limefifia na halina kina. Uso uliolainika huruhusu mwanga uingie, uguse tabaka za ndani na kurudi na rangi. Ndiyo maana taji lileile la A2 huonekana limepauka likitoka kusagwa, kisha likakolea likishang'arishwa.

Ukilainisha mno, tatizo hugeuka upande wa pili. Uso bapa usio na umbile lolote hurudisha mwanga kama kioo kimoja kikubwa. Taji huonekana pana, limejitokeza mbele ya wenzake, na mtu wa kawaida ambaye hajui lolote kuhusu kauri atakwambia tu kwamba jino hilo "si lake".

Basi tenganisha mambo mawili ambayo wanaoanza huyachanganya daima. Umbile ni matuta, mabonde na mistari inayoonekana kwa jicho, hili tunalitaka. Ukwaruzo ni mikwaruzo midogo sana iliyoachwa na biti (ncha ya kusagia), huu hatuutaki. Jino la asili lina umbile na wakati huohuo linang'aa. Anayeacha taji likiwa na ukwaruzo akidhani ameacha umbile hupata taji lililopauka linalokusanya ukoga. Tafiti za uso na bakteria hutaja kiwango cha ukwaruzo wa wastani cha mikroni 0.2: juu ya hapo ukoga hushika zaidi, na chini ya hapo kulainisha zaidi hakuleti tofauti kubwa. Kwa hiyo ulaini si urembo peke yake, ufizi nao unautegemea.

JUA KAURI YAKO KWANZA

Usianze kusaga kabla ya kujua umeshika nini.

Kauri ya feldispa, ile inayojengwa kwa unga na brashi, husagika kwa urahisi na hupokea glezi vizuri, lakini ikichomwa mara nyingi hubadilika rangi na kupoteza umbo.

Lithiamu disiliketi ni kioo chenye fuwele, na ni ngumu zaidi. Ile inayochongwa kwa mashine huja ikiwa na rangi ya buluu au zambarau, bado laini. Ikichomwa kwa nyuzi za Selsiasi 840 hivi ndipo hupata ugumu na rangi ya jino. Umbile lichonge ikiwa bado na rangi ile ya mwanzo.

Zirkonia ndiyo ngumu kuliko zote. Huchongwa ikiwa kama chaki, kisha huchomwa kwa nyuzi 1450 hadi 1550 hivi na kusinyaa kwa takribani moja ya tano. Ukisubiri hadi ishachomwa ndipo uchonge umbile, utahangaika, utaipasha joto, na unaweza kuidhoofisha.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

- Hendipisi ya maabara (mashine ya mkono inayozungusha biti) inayoweza kudhibitiwa kasi, kuanzia mizunguko 5,000 hadi 20,000 kwa dakika.
- Biti za almasi zenye pete nyekundu (laini) na njano (laini zaidi). Za kijani na buluu ni za kupunguza umbo, wala usizikaribishe kwenye uso wa mwisho.
- Mipira ya kung'arishia ya ngazi tatu: ya kukata, ya kulainisha na ya kutoa mng'aro. Kwa zirkonia na lithiamu disiliketi, chagua yenye chembe za almasi.
- Dawa ya kung'arishia yenye chembe za almasi za mikroni 1 hadi 3, brashi ya manyoya ya mbuzi, na gurudumu la pamba au la felti.
- Unga wa fedha au wa dhahabu wa kuonyesha umbile. Ukikosa, penseli laini hufaa.
- Kalamu ya risasi, kipimo cha unene, na karatasi ya rangi ya kupimia meno yanavyokutana.
- Glezi na rangi za juu zinazolingana na kauri yako. Usichanganye ya kampuni hii na kauri ya kampuni ile bila kuhakikisha kwamba zinatanuka kwa kiwango kinacholingana.
- Taa yenye mwanga wa mchana, kelvini 5500 hadi 6500, inayoonyesha rangi kwa uaminifu.
- Picha za jino la jirani. Bila hizi huna mwongozo, una kubahatisha tu.
- Barakoa ya kuzuia vumbi laini, miwani ya kinga na kivuta vumbi. Vumbi la kauri lina silika na huharibu mapafu polepole. Hili halina mjadala, hata kama ni "kugusa kidogo tu".

HATUA ZA KAZI

1. Soma jino la jirani.

Kama unatengeneza jino la mbele la kulia, jino la mbele la kushoto ndilo mwalimu wako. Omba picha tatu: moja ya mbele kabisa, moja ya pembeni mwanga ukipita kwa kimshazari, na moja jino likiwa limepanguswa mate. Ile ya mwanga wa pembeni ndiyo yenye thamani kubwa, kwa sababu matuta hutoa vivuli na unayaona yote.

Chora ramani kwenye karatasi. Weka alama mahali mwanga unapong'aa zaidi, mahali mabonde yalipo, na kama kuna mistari midogo ya mlalo karibu na ufizi. Kisha jibu maswali mawili: je, umbile ni kali au hafifu? Je, mng'aro ni mkubwa au mdogo? Yajibu kila moja peke yake. Jino la kijana mara nyingi lina umbile kali. Jino la mtu mzima limesuguliwa na miaka ya mswaki na chakula, hivyo umbile limefutika na uso umekuwa laini na wa kung'aa. Ukimpa mtu wa miaka 60 taji lenye mistari ya jino la miaka 16, rangi iwe sahihi kiasi gani, litaonekana geni.

Onyo kwa daktari: chukua rangi mwanzoni kabisa mwa miadi, kabla ya kusaga jino au kuweka mpira wa kutenga meno. Jino likikauka kwa dakika chache tu hupauka, nawe utaagiza rangi isiyo yake.

2. Maliza kila kitu kinachohusu umbo na kukaa.

Hakikisha taji limekaa kwenye modeli, limegusa majirani inavyotakiwa na linakutana vyema na meno ya upande wa pili. Kila unachotaka kupunguza, kipunguze sasa. Kusaga baada ya glezi ni kufuta kazi yako mwenyewe.

Tumia biti ya pete nyekundu, mkono mwepesi. Zirkonia iliyokwisha kuchomwa na lithiamu disiliketi iliyokwisha kukomaa zisagwe kwa maji; joto huleta nyufa ndogo usizoziona, na katika zirkonia hubadilisha mpangilio wa fuwele. Ukiona cheche, unabana mno. Zirkonia isiyochomwa bado ni kinyume chake: isage ikiwa kavu, kwa biti safi ambayo haijagusa kitu kingine.

Pima unene ukiendelea. Wengi hufukuza umbo zuri hadi wakafika chini ya unene ambao mtengenezaji wa kauri ameuruhusu.

3. Weka mistari ya mgeuko.

Hapa ndipo taji hupata upana wake machoni. Kwenye uso wa mbele wa jino kuna mistari miwili ya wima, kulia na kushoto, ambapo uso unageuka kuelekea pembeni. Eneo lililo kati ya mistari hiyo ndilo linalorudisha mwanga kwa mtazamaji, na jicho hulichukua kuwa ndilo upana wa jino. Ukiisogeza mistari karibu, jino huonekana jembamba. Ukiitawanya, huonekana pana.

Chora kwa penseli mistari ya jino la jirani, halafu chora ileile kwenye taji lako. Kama nafasi ya taji ni pana kuliko jino la jirani, usiongeze upana wa eneo la mbele: liache lilingane na la jirani, ziada yote iangukie pembeni ambako kuna kivuli. Kwa njia hii mataji mawili yenye upana tofauti huonekana sawa. Mbinu hii haigharimu rangi wala kuchoma, na bado naiona ikirukwa kuliko hatua nyingine yoyote. Ukiwa na muda mdogo, punguza muda kwenye mistari ya mlalo ya hatua ya 5, lakini hapa usiharakishe.

4. Chonga matuta ya wima.

Jino la kukatia la mbele huwa na matuta matatu ya wima na mabonde mawili mepesi kati yake, yanayoanza ukingo wa kukatia na kufifia kabla ya kufika kwenye ufizi. Yachonge kwa biti pana kidogo, yenye umbo la mwale wa moto, kwa kuivuta kuelekea upande mmoja. Mabonde yasilingane kina. Jino la asili halina pande mbili zinazofanana kabisa, na jicho hulijua hilo hata kama mdomo hauwezi kulieleza.

Kosa la kawaida ni kutumia biti nyembamba na kuchimba mifereji. Mfereji wenye kingo kali hushika chai, kahawa na moshi, na baada ya muda utaonekana kama ufa. Bonde linapaswa kuonekana pale tu mwanga unapopita kwa pembeni.

5. Weka mistari midogo ya mlalo, kama jino la jirani linayo.

Hii ni alama ya ukuaji wa enameli, na huonekana zaidi theluthi ya karibu na ufizi. Tumia biti ya pete nyekundu kwa kasi ndogo, uilaze, na uguse kwa mikwaruzo myepesi inayofuata mviringo wa jino. Usiichore kwa usawa kama mistari ya daftari. Mingine iwe mifupi, mingine ikatike katikati.

Kwa zirkonia inayochongwa kabla ya kuchomwa, zidisha kina kidogo kuliko unavyotaka mwishoni. Kusinyaa, glezi na mipira vyote vitapunguza ulichochonga.

Paka unga wa fedha kwa brashi kavu, kisha geuzageuza taji chini ya taa. Rangi ya kauri hufichwa na unga, ukabaki na umbile peke yake. Weka pembeni modeli ya jino la jirani, nayo umeipaka unga uleule. Ukilinganisha hivi utaona makosa ambayo macho yalikuwa yakiyasamehe.

6. Lainisha bila kufuta.

Chukua mpira wa ngazi ya kwanza, kasi ya mizunguko 7,000 hadi 10,000 kwa dakika, au ile iliyoandikwa kwenye pakiti yake, na upite juu ya vilele vya matuta. Lengo ni kuondoa mikwaruzo ya biti huku mabonde yakibaki. Fuata kwa mpira wa ngazi ya pili. Katika kila ngazi badilisha mwelekeo wa kusugua, kama ulienda wima sasa nenda mlalo; mikwaruzo ya ngazi iliyopita itajitokeza yenyewe na utajua kama imeisha.

Usiruke ngazi. Mpira wa mwisho hauwezi kuondoa mkwaruzo wa biti, unauzungushia mng'aro tu. Uso utaonekana unang'aa kwa mbali, lakini ukiusogeza karibu una mistari. Kati ya ngazi na ngazi safisha taji, maana chembe moja kubwa iliyobaki itakurudisha ulikotoka.

Usikae mahali pamoja. Mpira huzalisha joto haraka, na vinia (ganda jembamba la kauri la uso wa mbele wa jino) haivumilii.

7. Safisha.

Mvuke, au chombo cha mawimbi ya sauti chenye maji safi, kisha kausha. Ondoa unga wa fedha wote, alama za penseli na mafuta ya vidole. Kuanzia hapa shika taji kwa koleo. Mabaki ya unga wa metali yakiingia tanuri yatageuka doa, na doa hilo halifutiki ila kwa kusaga.

8. Amua: glezi, mng'aro wa mikono, au vyote viwili.

Hakuna jibu moja kwa kazi zote, ila nakupa namna ninavyoamua.

Kama taji linahitaji rangi za juu, kama vile madoa meupe au wekundu kidogo karibu na ufizi, glezi haiepukiki, kwa sababu rangi hizo zinahitaji kufunikwa. Kama rangi yote imejengwa ndani, mng'aro wa mikono hutoa uso unaofanana zaidi na enameli, na unakuachia udhibiti wa kila sehemu: mng'aro mkubwa kwenye matuta, mdogo mabondeni.

Kwa magego ya zirkonia, ng'arisha kwa mikono sehemu zote zinazokutana na meno ya upande wa pili, na glezi ibaki pembeni. Glezi ni tabaka jembamba la kioo. Kwenye sehemu ya kuuma huisha mapema, na chini yake kukiwa na zirkonia iliyosagwa bila kulainishwa, jino la asili linaloumana nayo litaliwa kama kwa msasa. Zirkonia iliyong'arishwa vizuri huwa mpole kwa enameli, licha ya ugumu wake.

Ukipaka glezi, paka nyembamba. Iwe na uzito wa kushika bila kutiririka, na brashi ipite kutoka ufizini kuelekea ukingo wa kukatia. Pindua taji uone kama imejikusanya kwenye mifereji ya gego au kwenye mabonde uliyoyachonga. Ikijikusanya, ifyonze kwa brashi kavu. Glezi nzito hufukia umbile lote la hatua ya 4 na ya 5, na taji hutoka na sura ya plastiki.

Chomea kwa jedwali la mtengenezaji wa kauri. Glezi za lithiamu disiliketi kwa kawaida huiva kati ya nyuzi 700 na 800, na za kauri nyingine hutofautiana sana, kwa hiyo usikariri namba ya kazi ya jana. Acha ikauke mdomoni mwa tanuri kwa muda ulioandikwa, na ipoe taratibu. Zirkonia hupitisha joto polepole, kuiharakisha kupoa ni kukaribisha ufa.

9. Rekebisha mng'aro baada ya tanuri.

Wengi huacha hapa, kazi ikiwa imebakiza robo saa kuwa nzuri. Glezi hutoa mng'aro mmoja kila mahali, na jino la asili haliko hivyo. Chukua brashi ya manyoya au gurudumu la felti na dawa ya almasi, kasi ndogo, na upite polepole. Ukitaka kupunguza mng'aro, tumia unga wa pamisi uliolowa kwa maji. Ukitaka kuongeza, tumia dawa ya almasi kavu kidogo. Simama kila baada ya sekunde chache, pangusa, linganisha na picha.

Mtihani wa mwisho ufanye taji likiwa limelowa, kisha likiwa kavu. Mdomoni mate hufunika kila jino kwa utando wa maji, kwa hiyo rangi unayoiona likiwa limelowa ndiyo iliyo karibu na ukweli. Kama taji kavu na taji lililolowa vinatofautiana sana kwa rangi, uso bado una ukwaruzo, rudi hatua ya 6. Taji lililomalizika vizuri hubadilika kidogo tu.

10. Jaribio la mdomoni, na kusaga kwa lazima.

Daktari, hii ni yako. Jaribu taji kabla ya kulibandika, kwenye mwanga wa dirishani pia na si wa taa ya kiti pekee, mgonjwa akiwa amekaa na midomo ikiwa katika hali ya kawaida. Kupima kuuma kwa kauri nyembamba subiri hadi libandikwe, kwa sababu vinia isiyobandikwa huvunjika kwa urahisi.

Ukilazimika kusaga, saga kwa biti ya pete nyekundu au njano kwa maji, kisha pitisha mipira ya ngazi zote tatu, na umalizie kwa dawa ya almasi. Kama taji halijabandikwa na eneo lililosagwa ni kubwa, lirudishe maabara likamaliziwe upya. Ulimi wa mgonjwa ni mpimaji mkali: huhisi ukwaruzo wa takribani nusu mikroni, na utarudi palepale kila saa hadi mgonjwa akurudie.

MATATIZO NA TIBA ZAKE

Taji limepauka ingawa rangi ni sahihi. Lilowanishe. Rangi ikikolea, tatizo ni ukwaruzo: rudi kwenye mipira. Isipokolea, tatizo liko ndani, kwenye kauri yenyewe, rangi ya saruji ya kubandikia au jino jeusi lililo chini, na hakuna kung'arisha kutakakolisaidia.

Taji ni jeusi au la kijivu kuliko jirani, na linang'aa sana. Pengine umbile ni dogo mno. Uso laini mno hurudisha mwanga upande mmoja tu kama kioo, na mwingine huingia ndani bila kutawanyika kurudi kwa mtazamaji. Ongeza matuta mepesi na upunguze mng'aro kwa pamisi kabla ya kufikiria kubadilisha rangi.

Linaonekana kubwa ingawa kipimo ni sawa. Angalia mistari ya mgeuko. Isogeze ndani kidogo kidogo.

Glezi imetoka ikiwa na vishimo au mapovu. Mara nyingi uso ulikuwa na mafuta au vumbi, au glezi haikupewa muda wa kukauka. Vishimo vikiwa kwenye kauri yenyewe, glezi haitavijaza; saga, jaza kwa kauri ya kusahihishia, choma.

Glezi haing'ai. Joto au muda havikutosha, au ni nyembamba kupita kiasi. Pima usahihi wa tanuri lako kabla ya kulaumu glezi. Kipimo cha joto cha tanuri hupotoka polepole, nawe huoni hadi kazi kadhaa ziharibike.

Kingo zimeviringika na umbile limeyeyuka. Umechoma kwa joto kubwa au mara nyingi mno. Haitibiki kwa kuchoma tena. Kila safari ya tanuri hubadilisha kidogo rangi na uangavu, hivyo panga rangi na glezi zimalizike kwa safari chache iwezekanavyo.

Mistari inaonekana ukiliangalia kwa karibu. Uliruka ngazi. Rudi kwenye mpira wa kwanza, si wa mwisho.

Mng'aro umepotea siku ya kubandika. Chunguza kama asidi ya hidrofloriki iliyokusudiwa upande wa ndani imemwagikia nje. Asidi hiyo hula kioo cha kauri na kuacha uso mweupe kama vumbi. Funika uso wa nje kwa nta au silikoni kabla ya kuitumia, vaa glavu, na usiitumie mdomoni mwa mgonjwa: ni hatari kwa ngozi, macho na pumzi.

Taji lilikuwa zuri, sasa limefifia baada ya miaka. Uliza linasafishwa kwa nini. Jeli ya floridi yenye asidi hukwaruza kauri, kwa hiyo mwenye mataji ya kauri apewe floridi isiyo na asidi. Dawa za kusafishia zenye chembe kubwa na ncha ya mashine ya kuondoa ugaga zikipita juu ya taji huacha alama pia. Kama rangi za juu hazijaondoka, mipira miwili ya mwisho na dawa ya almasi vitarudisha mng'aro mwingi bila kuling'oa taji. Zikiwa zimeondoka, mng'aro utarudi lakini madoa yale ya rangi hayatarudi, na mgonjwa aambiwe hivyo kabla hujaanza.